Barua Yenye Mkono Ndani Yake



Twajua sote kazi ya mjukuu katika nyumba ambamo bibi haoni vizuri. Barua ikifika, mtoto huisoma kwa sauti na bibi husikiliza. Sasa fikiri barua imeandikwa hivi: "Mpe aliyeleta barua hii ufunguo wa sanduku." Mtoto mtiifu, asiyeweza kupambanua amri ya bibi na maneno ya barua, atainuka na kuutoa ufunguo. Mlango haukuvunjwa. Mwizi ametumia mkono wa mtoto wa nyumbani.

Kompyuta za ofisini nazo zina mtoto wa namna hiyo. Ofisi kubwa hutumia programu moja kwa barua, kalenda na majina ya watu. Karani akiisha kuingia kwa neno lake la siri, hupewa alama ya kumtambulisha, mfano wa tikiti, ili asiulizwe kila dakika yeye ni nani. Kila ukurasa anaoufungua una maneno ya kusomwa na amri za kutendwa. Programu iliyotengenezwa vema hukagua yote yatokayo nje, na amri za mgeni huzigeuza kuwa maneno matupu. Lakini ikiwa pana mahali pasipokaguliwa, mwizi hupenyeza amri zake, na kompyuta huzitenda ikidhani zimetoka kwa ofisi yenyewe.

Mambo haya yalitokea kweli mwaka 2023. Programu iitwayo Zimbra, inayotumiwa na ofisi nyingi za serikali duniani, ilikuwa na ufa huo. Tarehe 29 Juni ilishambuliwa ofisi ya serikali huko Ugiriki. Karani aliletewa barua yenye kiungo, na akikibonyeza huku programu yake iko wazi, amri zilizofichwa ziliiba barua zake na kuagiza barua zitakazokuja zipelekwe kwa mwizi pia.

Tarehe 5 Julai watengenezaji waliweka marekebisho mahali pa wazi. Toka tarehe 11 Julai kundi jingine lilishambulia ofisi za Moldova na Tunisia, nchi ya Afrika kama yetu. Tarehe 20 ikawa Vietnam. Dawa rasmi ilitolewa kwa wote tarehe 25 Julai. Hata hivyo, mwezi mmodi baadaye, tarehe 25 Agosti, ofisi ya Pakistan ilishambuliwa kwa njia ya ufa ule ule. Dawa ilikuwapo, tena bila kukosekana. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Labda mtu wa Kiwangwa au Saadani atasema, "Hayo ni mambo ya mabwana wa mjini, mimi nina shamba langu." La, ndugu. Jina lako limo katika kitabu cha zahanati, cha shule ya mwanao, na cha chama cha akiba na mikopo, na siku hizi vitabu hivyo vinahamia katika kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yamtaka kila atunzaye habari za watu azilinde. Basi katika mkutano wa chama simama uulize kwa adabu: Programu yetu hurekebishwa na nani? Marekebisho yakitolewa, sisi huyaweka baada ya siku ngapi? Swali hilo si la ujuaji. Ni la mwenye mali.

Na kijana wako aliye ofisini Dar es Salaam umwambie haya. Asibonyeze kiungo kwa sababu tu kimetoka kwa mtu anayemjua. Ampigie simu kwanza amwulize. Akimaliza kazi aifunge programu, asiiache wazi. Marekebisho yakija, asiseme "kesho".

Nasi wenye simu za mkononi tuna mwizi wetu, yule anayetuma ujumbe, "Ile pesa itume kwenye namba hii." Naye hutaka mkono wako ufanye kazi yake. Usimjibu. Namba yake ipeleke kwa ujumbe kwenda 15040, ili jirani yako asije akaibiwa kesho kwa maneno yale yale.