Nani Aliyeibeba Tabora?

Wapo wanaosimulia historia ya Tabora kana kwamba mji huo uliumbwa na wasafiri wa Kizungu na matajiri wa pembe za ndovu. Mwanafunzi huonyeshwa tembe ya Kwihara alimokaa Livingstone. Kigwa, mashariki ya mji, ambako misafara ilipita ikielekea Unyanyembe, aonyeshwe nini? Mpagazi hakuacha tembe.

Huo ni upotovu. Burton na Speke walifika Kaze mwaka 1857 kwa kubebewa mizigo yao. Mpagazi wa Kinyamwezi, ambaye mara nyingi alikuwa mwungwana wala si mtumwa, alichukua begani frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kwa safari ya miezi kati ya pwani na bara. Ujira wake ulikuwa vitambaa na shanga, na hivyo ndivyo alivyonunulia chakula. Tajiri alivuna faida ya pembe. Mpagazi alivuna sugu za mabega.

Alipoutua mzigo akaondoka usiku, vitabu vya wageni vilimwita mtoro na mwizi. Kweli, wapo walioiba. Lakini aliyepunjwa posho akakataa kubeba alikuwa mfanyakazi aliyegoma. Hakuwa na chama wala hakimu. Alikuwa na miguu yake tu.

Ni wajibu wa kila mwalimu kuyakataa matusi hayo darasani. Tukiendelea kumwita mtoro, tutakuwa bado tunawabebea wageni mizigo yao.