Kompyuta za mfano wa ubongo zipimwe kwa wati

Ubongo wa mtu mzima kwa kawaida hauzidi kilo moja na nusu. Una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kazi zake zote unazifanya kwa nguvu ya wati 20 hivi, isiyofikia hata ile ya balbu moja ya zamani. Akili mnemba tunayoisikia kila siku nayo hukaa katika majengo mazima ya seva. Mwaka 2024 kampuni ya Microsoft ilitia saini mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme wa kinu cha nyuklia kilichokuwa kimefungwa, kule Three Mile Island, Marekani, kwa ajili ya seva zake. Ndiyo maana nasema utafiti wa kompyuta zinazoundwa kwa mfano wa ubongo una thamani kubwa, mradi tuupime kwa umeme unaookolewa, na ndoto ya kutia akili ya binadamu ndani ya mashine tuiweke kando.

Chanzo cha ulaji huo wa umeme kinajulikana. Katika muundo wa kompyuta aliouandika John von Neumann mwaka 1945, kumbukumbu inakaa kwake na kichakataji kwake. Namba husafirishwa huku na huku bila kupumzika, na mara nyingi safari hiyo hula umeme mwingi kuliko hesabu yenyewe. Ubongo hauna ghala la mbali. Kumbukumbu imo kwenye maungio ya seli na seli, palepale kazi inapofanyika, na seli isiyo na la kusema hunyamaza. Carver Mead wa taasisi ya Caltech, Marekani, ndiye aliyeanza kulifanyia kazi wazo hili katika miaka ya 1980, na mwanafunzi wake Misha Mahowald akatengeneza chipu inayoiga retina ya jicho. Zipo leo kamera zilizotokana na kazi hiyo. Ielekeze moja kwenye ukuta mtupu, nayo itakaa kimya. Nzi akipita, zile nukta alizozipitia ndizo pekee zitakazotoa taarifa. Mwanafunzi mwingine wa Mead, Mghana Kwabena Boahen, alijenga katika Chuo Kikuu cha Stanford mashine ya Neurogrid, iliyoigiza seli milioni moja kwa wati tatu tu.

Wapo wanaouliza: tutaigaje kitu tusichokielewa? Swali lao ni zito. Ramani ya neva 302 za mnyoo mdogo, C. elegans, ilichapishwa mwaka 1986, na hadi leo mwenendo wake wote haujaweza kuigizwa. Mradi mkubwa wa ubongo wa Ulaya, ulioanza mwaka 2013 kwa matumaini ya kuigiza ubongo mzima, ulifungwa mwaka 2023 bila ubongo huo kupatikana. Lakini hayo yanaibomoa ndoto tu. Kuweka kumbukumbu karibu na hesabu, na kunyamaza pasipo na habari, ni kanuni zinazofanya kazi hata kama siri ya fikra haijafichuliwa. Wengine husema soko limekwisha kuamua, maana chipu hizi hazijauzwa kwa wingi. Lakini hata mitandao ya nyuroni, iliyo msingi wa akili mnemba ya leo, ilidharauliwa miaka mingi baada ya Frank Rosenblatt kuitangaza mashine yake mwaka 1958, hadi ilipotamba mwaka 2012 ikiendeshwa na kadi mbili za michezo ya kompyuta. Kasoro ninayoikubali iko kwenye programu: kuzifunza chipu hizi bado ni kazi ngumu.

Kwetu suala hili la umeme linafika hadi shambani. Programu ya Nuru humwezesha mkulima kuelekeza simu kwenye jani la muhogo na kuambiwa kama lina ugonjwa wa batobato, hata pasipo intaneti. Mtandao wake wa nyuroni ni mdogo, unaokaa ndani ya simu, na simu hiyo inategemea betri ambayo vijijini huenda ikangoja siku kadhaa kuchajiwa. Wanaogawa fedha za utafiti katika vyuo vyetu vya uhandisi watenge fungu la chipu hizi na programu zake, na kila anayeomba fedha hizo aulizwe kwanza mashine yake itatumia wati ngapi.