Shosho Hakuomba Jipsam

Wasee, leo sina utani. Hii ni ya kila mtu aliyewahi kuweka picha ya nyumba mpya ya ushago kwenye status na kuandika chini yake "tumemjengea mama". Mmemjengea mama, ama mmewajengea wageni wa Krismasi?

Kabla mseme nina wivu, naanza na kwetu.

Kwetu ni Murang'a, kule juu kwenye majani chai, kila mahali ni mteremko na mvua ikinyesha udongo unakuwa sabuni. Wajomba walichanga wakamjengea shosho nyumba ya mawe. Shosho ana miaka 81. Walimwekea dari ya jipsam yenye taa za bluu, veranda ya ngazi tatu, bafu ndani, na taili sakafuni zinazong'aa mpaka unaweza kujiona meno. Mimi ndiye nilishuti video ya hiyo nyumba. Ilitazamwa mara 41,000, na muuzaji mmoja wa taili akanitumia kitu kidogo kwa M-Pesa. Kwa hivyo msidhani nimekuja hapa nikiwa msafi.

Wiki mbili baadaye shosho alirudi kulala kwenye nyumba yake ya mbao. Tulicheka, manze. Tukasema wazee hawajui raha. Hakuna aliyemuuliza sababu, na sababu alikuwa nayo: kule sakafu haitelezi, kizingiti ni kimoja na mguu wake unakijua hata gizani, na kutoka kitandani hadi mlangoni kuna ukuta wa kushika njia nzima. Shosho alikuwa amefanya hesabu ambayo mjomba mhandisi hakuifanya. (Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo sisemi mengi kuhusu waliomaliza.)

Kwenye nyumba mpya alikuwa akienda kuoga tu, kwa sababu ya maji moto. Januari alituma ujumbe wa sauti kwenye grupu ya familia, sekunde 19. Alisema bafu linateleza, akaomba kitu cha kushikilia ukutani. Alijibiwa na emoji saba za mikono iliyoshikana, na mtu mmoja akaandika, "Tutaangalia, mum." Siku hiyo hiyo tulibishana zaidi ya saa moja kuhusu rangi ya lango.

Machi alianguka bafuni. Mfupa wa nyonga ukavunjika. Na hapa ndipo bado sijielewi: mlango wa hilo bafu ulikuwa unafunguka kwa ndani, na shosho alikuwa amelala nyuma yake. Ukisukuma, unamsukuma yeye. Ilibidi mtoto wa miaka 11 apitishwe dirishani. Mlango huo unaonekana kwenye video yangu. Nilisema "cheki hiyo finishi".

Kwa siku mbili, ile grupu iliyoshindwa na sekunde 19 ilichanga shilingi 186,000 za hospitali. Baadaye tulipoweka bomba la kushikilia, chuma, bolti na fundi wa nusu siku, vyote vilikula 3,800. Na kama shosho angekufa kungekuwa na kamati, mwenyekiti, mweka hazina, hema, mabasi, na fulana zenye uso wake. Mkenya akilazwa tunachanga, akifa tunachanga zaidi. Aliye mzima anayeomba bomba hana kamati.

Msiniambie ni bahati mbaya. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na walio juu ya miaka 60 ndio wanaoongoza. Hao si watu waliopanda miti. Wengi wanaangukia nyumbani, wakienda chooni, wakishuka kitandani, wakikanyaga kile kizulia chako cha Eastleigh.

Wengine mtasema serikali ifanye. Sawa, tuitaje. Katiba ya 2010, Kifungu cha 57, inataka wazee waishi kwa heshima na wapate matunzo kutoka kwa familia na Serikali. Serikali ilileta Inua Jamii, 2,000 kwa mwezi kwa aliyefika miaka 70. Piga hesabu, haifikishi hata bomba letu. Lakini katika hiyo sentensi familia iko pia, na familia ndiyo iliyochagua taili za kung'aa.

Kuna komenti moja ninayoiheshimu: wazee wenyewe hukataa. Ni kweli. Shosho alikataa kiti cha choo cha kuwekwa chumbani, akasema hicho ni cha wagonjwa. Choo cha ndani pia hataki hata kukisikia, kwake choo na chakula hazikai chini ya paa moja. Nilitaka kubishana naye, halafu nikakumbuka ile Januari. Si lazima abadilike yeye ndio nyumba ipate maana. Kama anataka choo cha nje, basi njia ya kwenda huko ndiyo inayofaa kutengenezwa.

Sasa hii ndiyo tumefanya mpaka leo, na hakuna hata kitu kimoja cha kushutia video. Bafuni taili za sakafu tuling'oa, fundi akamwaga simiti na kuikwaruza kwa ufagio kabla haijakauka. Ni mbaya kwa macho, na haitelezi. Mlango ukageuzwa, sasa unafunguka nje. Bomba lilifungwa kwa bolti kwenye jiwe lenyewe, maana ile fimbo ya taulo ya mwanzo ilikuwa imeshikwa na plasta tu, na mtu akianguka anaondoka nayo. Stuli ya plastiki ya kuogea ikatolewa, ikaja ya mbao, nzito, yenye miguu mipana.

Vurugu ilikuwa kwenye veranda. Shosho sasa anatembea na fremu, hawezi zile ngazi tatu. Fundi alitaka kumwaga mteremko wa mita moja na nusu amalize. Aisee, hiyo si njia, hiyo ni slaidi. Kipimo kinachotumika ni kwamba kila sentimita 1 ya kwenda juu inadai sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi zetu ni sentimita 45, kwa hivyo ni mita 5 na sentimita 40. Ikala maua yote ya mbele ya nyumba. Mjomba alisema inaharibu sura. Shosho alipita juu yake kwenda na kurudi mara mbili, hakusema kitu, mara ya tatu akaenda hadi kwa ng'ombe.

Na nyinyi mnaokaa gorofa ya sita bila lifti, msicheke watu wa ushago. Mzee akija kliniki Nairobi anafika mlangoni kwako akiwa hana pumzi, halafu unamlaza kwenye kochi lililo chini kiasi kwamba kuinuka kwake ni kazi ya watu wawili.

Kilichobaki kwetu ni njia ya chooni, hatua 22 kwenye udongo ule mwekundu. Inahitaji kokoto na simiti, bomba la kushika upande mmoja, na taa mbili za sola. Fundi ameandika 14,500. Niliweka hiyo bei kwenye grupu Jumanne, nikatuma 2,000 yangu, nikaambatanisha ile sauti ya Januari.

Leo ni Jumamosi. Tiki za bluu ziko 23. Mjomba ameuliza kama taa za lango zinaweza kubadilishwa ziwe nyeupe.