Baiskeli ya gia porini: tuanze na mzigo wa kurudi

MFUGAJI nyuki wa Sikonge au Urambo mwenye mizinga porini, mwendo wa saa nyingi kutoka kijijini, hawezi kufanya biashara bila baiskeli. Swali ni baiskeli ipi.

Vijana wanaitaka ile ya milimani, ya gia na matairi mapana. Wazee wanaicheka na kubaki na Phoenix. Kwa safari ya kwenda, vijana wana hoja. Tairi jembamba la inchi 28 huzama kwenye mchanga na mwenye baiskeli akaishia kuisukuma. Tairi la inchi 26, lenye upana wa karibu inchi mbili, hupita, hasa ukipunguza upepo kidogo.

Lakini faida iko kwenye kurudi. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4, hivyo ndoo ya lita 20 ikijaa inafika kilo 28. Ndoo mbili ni kilo 56. Fremu ya alumini yenye shokapu haikutengenezwa kwa mzigo huo, na nyingine hazina hata pa kufunga keria. Isitoshe, ule mkono wa gia unaoning'inia nyuma hunasa kwenye visiki. Ukivunjika kilometa 30 ndani ya miombo, hakuna fundi.

Ushauri wangu kwa anayenunua mtumba: chagua fremu ya chuma isiyo na shokapu. Angalia pale ekseli ya nyuma inapokaa. Pawe na mwanya mrefu, ili gurudumu livutwe na cheni ikaze. Hapo unaweza kuondoa gia, ukapunguza cheni na kubakiza safu moja ya meno. Kisha fundi achomelee keria ya nondo. Uliza bei ya kazi hiyo kabla ya kulipia baiskeli, si baada.

Asali nayo itengwe kambini. Masega yenye majana yakichanganywa na asali safi kwenye ndoo moja, mtikisiko wa njiani huyageuza uji, na mnunuzi atashusha bei kwa haki kabisa.

Rangi pia si urembo. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea na hupenda bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo.

Kibali kisisahaulike. Pori la Akiba Ugalla lilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, na kuijua njia ya zamani si ruhusa ya kupita. Mzigo uliofunikwa usiku hudhaniwa nyamapori.

Na mwenye duka la vipuri kijijini anayeweka tairi na tyubu za inchi 28 pekee anajinyima mteja. Wa inchi 26 atakuja baada ya mavuno, akiwa na fedha mkononi.