Pipa la mafuta ya ndege si kiti cha abiria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya mafuta ya ndege ndogo zinazotua kwenye viwanja vya nyasi huku kwetu Meatu.

Wengi hudhani rubani akipungukiwa atakwenda kituo cha petroli pale Mwanhuzi ajaziwe kama mwenye pikipiki. Sivyo. Ndege nyingi ndogo za injini ya pistoni hutumia petroli yake maalumu, avigesi, yenye rangi ya buluu. Hiyo haipatikani katika kila kiwanja kikubwa, seuze vya vumbi. Mwenye ndege hana budi kujiletea mwenyewe.

Akiyapakia ndani ya ndege, hasara ni yetu. Lita 200, yaani pipa moja, zina uzito wa kilo 144 hivi bila kuhesabu pipa lenyewe. Hao ni watu wazima wawili. Mgonjwa na muuguzi wabaki chini ili mafuta yapande! Ndiyo maana pipa hutangulizwa kwa barabara, na hapo ndipo penye malalamiko yangu.

Nimeshuhudia kwa macho yangu pipa la namna hiyo juu ya lori, akina mama na watoto wamelikalia, na kijana kando yao anavuta sigara. Je, tumekwisha sahau Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019? Lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka na kuua zaidi ya watu 100.

Jambo jingine ni utunzaji. Pipa lililosimamishwa mvuani hukusanya maji juu ya mfuniko. Usiku hewa ya ndani ikipoa, maji hayo huweza kufyonzwa kupitia kizibo. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hutuama chini, na yakiingia katika tangi la ndege injini yaweza kuzimika wakati wa kupaa. Pipa lilazwe ubavu, na mafuta yachujwe kabla ya kutiwa.

Nawaomba wenye ndege wakodi gari lisilo na abiria (anayemudu ndege hatashindwa na hilo). Serikali za vijiji nazo ziwaonyeshe mahali pa kuweka mapipa, penye kivuli na mlinzi, mbali na nyumba, shule na zahanati.

Mkazi wa Kimali,
Meatu, Simiyu.