Video ya tamasha la kwanza isifutwe kwenye simu

KISANGANI – Siku hizi kundi la muziki linaweza kuwa vijana wawili tu: mmoja kwenye kompyuta na kinanda cha umeme, mwenzake kwenye maikrofoni. Moto ukiwaka, tamasha linaanza. Rafiki anapiga video kwa simu, video inazunguka WhatsApp siku tatu, kisha simu inajaa na inafutwa. Watu wanasema haikuwa kitu: sauti mbaya, picha inatikisika, vijana wenyewe bado waoga jukwaani.

Hilo ni kosa, na muji huu ungepaswa kulijua kuliko miji mingine, kwa sababu ya binti yake Abeti Masikini.

Abeti alizaliwa hapa, wakati muji ukiitwa bado Stanleyville. Baba yake, Jean-Pierre Finant, aliongoza jimbo la Orientale mwaka 1960, akauawa Bakwanga mwaka 1961. Mama akahamisha watoto hadi Kinshasa. Kwa hiyo nyota huyo alikuwa kwanza mtoto aliyehama kwa sababu ya damu iliyomwagika, kama watoto wengi wanaolala leo katika maeneo ya wakimbizi wa ndani.

Septemba 1974, kabla ya pigano la Ali na Foreman, Kinshasa iliandaa tamasha la siku tatu, Zaïre 74. Abeti, ambaye alikuwa bado mwanzoni mwa kazi yake, alipanda jukwaa moja na Franco, Tabu Ley, Miriam Makeba na James Brown. Mitambo ilirekodi. Lakini mabishano ya pesa na sheria yalifungia kazi hiyo miaka mingi. Filamu ya tamasha, Soul Power, ilitoka mwaka 2008. Diski ya wasanii wa Afrika, Abeti akiwemo, ilitoka mwaka 2017. Yeye alikuwa amefariki tangu 1994.

Miaka 43 ilipita, na sauti ile ikarudi kwa sababu mtu fulani hakuitupa. Hakuna aliyejua mwaka 1974 kwamba ingehitajika.

Wengine watajibu kwamba familia iliyokimbia Lubunga tangu mzozo wa ardhi wa 2023 haihitaji video, inahitaji unga, dawa na usalama. Ni kweli, chakula kinatangulia. Lakini waulizwe waliokimbia usiku ni nini wanachokitafuta baada ya kula. Wengi wanataja picha ya harusi, sauti ya marehemu, wimbo wa kwaya ya kijiji. Nyumba iliyochomwa inaweza kujengwa tena. Sauti iliyopotea hairudi.

Na kazi yenyewe haidai pesa nyingi. Anayepiga video apige wimbo mzima, si sekunde thelathini za kujionyesha. Mwanzoni aseme kwa sauti: tarehe, mahali, majina ya wanaoimba. Nakala ziwe mbili, mahali pawili tofauti, maana kadi ya simu inakufa bila kuaga. Redio za hapa zipokee nakala, ziandike kwenye daftari nani kaleta, na zisitoe wala kuuza kitu bila ruhusa ya msanii. Bila daftari hilo, yale mabishano yaliyofungia Zaïre 74 yatazaliwa upya hapa kwetu, kwa kiasi kidogo.

Serikali ya jimbo nayo inaweza kutoa chumba kikavu na kompyuta moja. Hilo si jambo la kungojea wafadhili.

Labda vijana wawili wa kinanda hawatafika popote. Labda mmoja wao ndiye Abeti mwingine. Leo hakuna anayejua, na ndiyo sababu ya kutunza. Kabla ya kufuta, ndugu mwenye simu, mpe mtu mwingine nakala.