Bodi Bapa Haiongezi Nguvu ya Pikapu

Ndugu Mkulima,

Mwezi uliopita mzee mmoja wa skimu yetu alifika ofisini, akanionyesha katika simu ya mwanawe pikapu za Marekani zinazoshindana kuvuta mizigo. Baadhi yake zimeondolewa bodi ya kiwandani na kufungwa bodi bapa, yaani sakafu tupu isiyo na kuta. "Karani," akaniambia, "nataka fundi anitengenezee kama hii, ya chuma kizito, gari langu livute trela ya viazi wakati wa mvua." Fedha alikuwa nazo tayari, za maziwa ya miezi mingi. Nilimwomba angoje kidogo. Nakuandikia na wewe sababu zangu, maana najua si yeye peke yake mwenye wazo hili.

Kwanza yafaa ujue mashindano yale ni kitu gani. Yalianza na wakulima waliobishana ni farasi wa nani mwenye nguvu zaidi. Mwaka 1929 yalifanywa kwa matrekta katika majimbo ya Missouri na Ohio, na pikapu zikaja baadaye. Gari hufungwa kwa mnyororo kwenye sleji kubwa yenye sanduku la vyuma juu yake. Gari linapokwenda, sanduku lile husogea mbele, na sleji huzidi kukandamiza ardhi mpaka gari lishindwe. Njia nzima huwa futi 300, na anayefika mbali zaidi ndiye mshindi.

Lakini kabla ya kuvuta, magari hupimwa kwenye mizani, na kila daraja lina kikomo chake cha uzito. Hapo ndipo penye siri. Kikomo kikiwa kimoja kwa wote, kila kilo unayoiweka nyuma ni kilo uliyoinyima mbele.

Je, mbele pana kazi gani? Mnyororo unavuta nyuma, nayo kulabu iko juu ya ardhi. Kwa hiyo pua ya gari hutaka kuinuka. Tufanye hesabu kama shuleni. Mvuto ukiwa wa kilo 2,000, kulabu iko sentimita 66 juu ya ardhi, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.5, basi kilo kama 377 huondoka kwenye magurudumu ya mbele na kuhamia ya nyuma. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne hupoteza hapo sehemu ya nguvu zake, na usukani nao huwa mwepesi kupita kiasi. Ndiyo maana utaona wale Wamarekani wametundika vyuma mbele ya bampa.

Sasa weka bodi ya chuma kizito. Sehemu yake hukaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 100 zikikaa mita moja nyuma ya ekseli hiyo, huondoa kilo kama 29 nyingine mbele. Umeliona jambo hili kwenye mkokoteni wa ng'ombe: ukipakia magunia yote nyuma, nira huinuka shingoni mwa maksai. Mshindani mwenye akili hufunga bodi nyepesi, pengine ya alumini, kisha kilo alizookoa huzipeleka puani. Umbo la bapa halimpi kitu, ila wepesi wake. Wengine husema bodi bapa husaidia kwa kupunguza upepo. Kwa njia ya futi 300, mimi sioni faida yake.

Pikapu yako labda husukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Hapo ni kweli, ikiwa tupu nyuma ni nyepesi, na magurudumu huteleza kwenye matope. Uzito wafaa. Lakini utiwe juu ya ekseli yenyewe au mbele yake kidogo, si mwishoni kabisa, nao ufungwe imara. Magunia matatu ya mchanga yatafanya kazi hiyo kwa gharama ya kuyashona tu, na barabara ikikauka utayashusha. Bodi ya chuma haishuki. Utaibeba kila siku kwenda sokoni, ikila petroli na springi, na kila kilo yake ni kilo ya viazi usiyoweza kupakia. Sisemi bodi bapa ni mbaya. Kwa kupakia makreti na magunia kutoka ubavuni ni nzuri sana, na mtu akiitaka kwa sababu hiyo sina neno.

Jambo moja zaidi, nalo ni la hatari. Nimeona watu wakifunga mnyororo juu, kwenye sakafu ya bodi, kwa kuwa ni rahisi kufika. Ukipandisha kulabu kutoka sentimita 66 hadi 132, kilo zinazoondoka mbele huwa maradufu. Funga chini, kwenye chasisi. Ukivuta kwa trekta angalia zaidi, kwani mnyororo uliofungwa juu ya ekseli yaweza kulipindua kinyumenyume juu ya dereva. Watoto wasimame mbali, kwa ajili ya mnyororo kukatika.

Yule mzee hakufurahi sana. Alisema atamtaka fundi apime bodi kwenye mizani ya ghala la mahindi kabla ya kulipwa hata shilingi moja, naye mwenyewe atajaribu mchanga kwanza mvua zikianza.

Karani, Ofisi ya Kilimo